Namna ya Kwenda Rhinebeck "Kuangalia Tu"

Kwanza tukubaliane: huendi kununua. Sema hivyo mezani wakati wa chai, mwambie dada yako aliyeko Mwanza kwa simu, na urudie mbele ya mwenzako wa nyumbani huku umemkazia macho. Unakwenda kuangalia tu. Sijapata kumwona mfumaji aliyepanga safari ya Rhinebeck kwa maneno mengine, na maneno hayo yana kazi yake: yanakuwezesha kutoka nyumbani na mabegi mawili matupu bila kuulizwa ya nini.

Kwa asiyeujua, Rhinebeck ni mji mdogo karibu na Mto Hudson, kilomita kama 160 kaskazini mwa jiji la New York. Siku nyingi za mwaka ni mahali pa utulivu. Mji una nyumba ya wageni iitwayo Beekman Arms, inayojivunia kupokea wasafiri tangu 1766, na mwaka 2010 ulipata umaarufu wa siku chache kwa harusi ya Chelsea Clinton. Lakini ikifika wikendi ya tatu ya Oktoba, mji unavamiwa. Kwenye viwanja vya maonesho vya Kaunti ya Dutchess hufanyika Tamasha la Kondoo na Sufu la Jimbo la New York, na maelfu ya wafumaji, wasokotaji, watia rangi na wafugaji hujazana humo kwa siku mbili. Hakuna anayelitaja kwa jina lake refu. Husema "Rhinebeck" tu, na mwenye kuelewa huguna.

Maandalizi huanza na sweta. Desturi ni kwamba mfumaji anayejiheshimu hatokei na la mwaka jana. Anatokea na jipya, alilolifuma mwenyewe kwa ajili ya wikendi hiyo, tena gumu kiasi cha kuwasimamisha watu njiani. Kwa hiyo chagua mchoro unaokuzidi uwezo. Chagua uzi mwembamba, ule ambao sweta la mtu mzima hula zaidi ya mita 1,300. Kisha anza mwanzoni mwa Septemba, baada ya kuhakikisha kwamba Juni, Julai na Agosti zimepita salama bila wewe kugusa sindano.

Usifume kipande cha kupimia. Vipande vya kupimia ni vya watu wenye muda, na pia vya watu wanaotaka sweta liwaenee. Hesabu yake yenyewe ni ya shule ya msingi. Una mishono 200 kuzunguka kifua. Ukifuma mishono 20 kwa kila sentimita 10, sweta litakuwa la sentimita 100. Mkono ukikaza kidogo ikawa mishono 22, sweta ni la sentimita 91, na hapo hakuna dua. Elizabeth Zimmermann, Mwingereza aliyehamia Marekani na kuwafundisha wafumaji wa huko kuacha woga, alijenga mfumo mzima juu ya kipande hicho: ukishajua mishono ya kifua, mikono na shingo unavipata kwa asilimia. Kitabu chake cha 1971, Knitting Without Tears, kinaahidi ufumaji usio na machozi. Wewe umeshaamua kulia, na aliyeamua kulia habembelezwi.

Usiku wa kuamkia safari utakuwa umebakiza mkono mmoja. Usihangaike, ndiyo sababu ya treni. Panda Amtrak jijini New York, ushuke kituo cha Rhinecliff. Ni mwendo usiofika saa mbili, na kutoka hapo viwanja viko kilomita chache. Kaa upande wa kushoto ili uuone Mto Hudson. Ni mto wa kupendeza kweli, na majani ya Oktoba kwenye kingo zake yana rangi ambazo kufikia alasiri utakuwa umezilipia dola 30 kwa fungu. Hutayaona, maana utakuwa umeinamia mkono wa sweta, na ukiinua macho utakuta nusu ya behewa wameinamia ya kwao. Msisemeshane. Huu si wakati wa salamu.

Sasa kuhusu hali ya hewa. Katikati ya Oktoba bonde la Hudson huweza kuamka na jalidi na kufikia saa nane mchana likawa na jua la kuvulia shati. Wakulima huomba mvua. Wafumaji wa Rhinebeck huomba baridi, tena kwa bidii zaidi. Wasipojibiwa, utawaona maelfu ya watu wazima wakitembea juani ndani ya sufu kutoka shingoni hadi mapajani, nyuso zimeiva, jasho linachuruzika, na hakuna hata mmoja anayevua. Wewe pia usivue. Umefuma wiki sita, huwezi kushindwa na nyuzijoto 22. Kunywa maji, tafuta kivuli, na akija mtu kukusifia simama wima.

Watakuja wengi. Kwa hili lazima nikuandae, kwa sababu sisi tumelelewa tofauti. Kariakoo mtu usiyemjua akikushika mkono wa shati, kwanza unapapasa mfuko kuona kama simu ipo. Rhinebeck mama wa makamo atakusogelea akiwa amekukodolea kifua, hajakuangalia usoni hata mara moja, atakamata ukingo wa sweta lako, ataupindua aone upande wa ndani, ndipo atakapokumbuka kusema hujambo. Huo si utovu wa adabu. Upande wa ndani wa sweta ndiyo kitambulisho chako pale. Mtajie mchoro, mtajie aliyetia rangi uzi, mweleze ulivyobadilisha shingo kwa makusudi. Kama hukuibadilisha kwa makusudi, sema ulikusudia. Naye atageuka akuoneshe lake, nawe umshike mkono wa sweta hivyohivyo. Mtaagana bila kuulizana majina.

Kitu cha kwanza cha kuangalia tu ni sufu ghafi. Jumamosi alfajiri, kabla milango haijafunguliwa, utakuta foleni ya watu wanaotaka sufu nzima ya kondoo mmoja, ilivyotoka kwenye mkasi wa mnyoaji, na mafuta yake na majani yake na mambo mengine ambayo kondoo hukaa nayo. Hujui kusokota? Hilo si kikwazo. Ingia kwenye foleni. Wengi waliomo walinunua sufu ghafi kwanza, wakanunua gurudumu la kusokotea baadaye ili kuhalalisha ile ya kwanza.

Ukifika mbele, fanya wanavyofanya wajuzi. Chomoa kishungi chembamba cha sufu, kishike ncha mbili, kipeleke karibu na sikio na ukivute kwa ghafla. Sufu yenye nguvu hutoa mlio mkali, safi. Sufu iliyodhoofika, pengine kwa sababu kondoo aliugua au alikosa chakula majira fulani, hutoa mpasuko mdogomdogo kisha hukatika. Wewe hutasikia chochote, maana kuna watu mia wanaongea kwa pamoja. Tikisa kichwa polepole. Ulizia unene wa unywele, na ukijibiwa kwa mikroni usioneshe mshtuko: merino laini huwa chini ya 20, Lincoln mwenye mashungi marefu yanayong'aa hufika 35 na kuendelea, na kadiri namba inavyopanda ndivyo shingo yako itakavyowasha. Romney yuko katikati, na kwa anayeanza kusokota ni kondoo mwenye subira. Nimelisema hilo kwa dhati, halimo kwenye kejeli.

Jambo ambalo hutaambiwa kwenye foleni ni kwamba sufu ghafi ya merino huweza kupoteza kiasi cha nusu ya uzito wake ikishaoshwa. Nusu uliyolipia ni mafuta na vumbi. Na kuosha kwenyewe kuna masharti: maji ya moto sana, sabuni ya kukata mafuta, na usiikoroge wala kuifikicha, kwa kuwa unywele wa sufu una magamba madogo ambayo yakipata joto, maji na msuguano hung'ang'aniana na hayaachani tena. Utaitumbukiza kwenye beseni la kuogea, bafu litanuka zizi siku tatu, na mwenzako atauliza kwa upole kama mnaweza kuoga kwa jirani. Mweleze kuhusu magamba.

Akikuona umechanganyikiwa, mpe historia, kwa kuwa bonde hili liliwahi kurukwa na akili kwa ajili ya kondoo kabla yako, na waliorukwa walikuwa watu wazito. Robert R. Livingston, yule aliyemwapisha George Washington mwaka 1789, alikuwa na shamba lake Clermont, kaskazini kidogo ya Rhinebeck. Alipokuwa balozi Ufaransa, katikati ya mazungumzo ya kununua eneo la Louisiana, alipata nafasi ya kushughulikia jambo la maana zaidi: mwaka 1802 alisafirisha merino kutoka Ufaransa hadi Clermont. Wahispania walikuwa wamewalinda kondoo hao kwa karne nyingi wasitoke nje ovyo, hadi vita vya Napoleon vilipovuruga ulinzi. Livingston alirudi nyumbani akaandika kitabu kizima kuhusu kondoo, kikachapishwa 1809. Wakati huo biashara na Uingereza ilikuwa imevurugika, vitambaa vya sufu vimeadimika, na kila mwenye shamba alitaka merino. William Jarvis, balozi mdogo wa Marekani mjini Lisbon, aliwasafirisha kwa maelfu. Bei za madume zikapanda kupita akili. Kisha vita na Waingereza vikaisha 1815, vitambaa vyao vikamiminika tena sokoni, na wenye madume ya bei mbaya wakabaki wanatazamana nayo. Kwa hiyo mtu akikuuliza umepatwa na nini, mjibu kwamba ni ugonjwa wa eneo.

Sasa ingia kwenye mabanda ya uzi. Hapa ndipo penyewe, na hapa kuangalia tu hudumu kwa dakika chache.

Nyuzi zimening'inizwa kutoka darini hadi kiunoni, rangi juu ya rangi, na muuzaji amezipanga kwa namna ambayo jicho halipati pa kupumzika. Fungu la gramu 100 la uzi wa soksi, lenye mita zinazokaribia 400, lililotiwa rangi kwa mkono, huuzwa dola kama 30. Ni marufuku kubadilisha hiyo iwe shilingi. Ukibadilisha, ni zaidi ya 70,000 za Tanzania, na utakumbuka kwamba kwa fedha hiyo Kariakoo unatoka na mfuko mzima wa uzi wa akriliki wa kufumia vitambaa vya makochi ya ukoo wote. Usikumbuke. Fikiria kwa dola, na fikiria kwa fungu mojamoja. Wafumaji wana kanuni ya zamani kwamba uzi wa soksi hauhesabiwi kuwa ununuzi. Haba na haba hujaza kibaba, na hakuna aliyewahi kusema kibaba kina mfuniko.

Ukiupenda uzi na unadhani huenda ukafuma sweta, chukua yote ya pipa moja la rangi. Mafungu mawili ya rangi yenye jina moja, yaliyochovywa siku mbili tofauti, yakikutana kifuani kwako yataachana hadharani. Ushauri huu ni wa kweli kabisa, na ndio uliowafilisi wengi, maana unamgeuza mtu aliyetaka fungu moja kuwa mtu mwenye mafungu sita na dhamiri safi.

Uliza pia uzi umetoka wapi. Hili swali huwafanya baadhi ya wauzaji waanze kutafuta chenji. Sehemu kubwa ya uzi wa kutiwa rangi kwa mkono ni merino iliyopitishwa kwenye klorini ili kulainisha yale magamba, ikapakwa utando mwembamba wa plastiki, ili uweze kuitupa kwenye mashine ya kufulia isigande. Mara nyingi kondoo wake hajawahi kuiona New York, anaishi Australia au Amerika Kusini. Moheri ndiyo inayonichekesha zaidi. Lile wingu laini linaloelea kwenye ndoano, unalolishika ukasema, "Haya mambo kwetu hayapo," ni nywele za mbuzi wa Angora, na nchi inayoongoza duniani kwa moheri ni Afrika Kusini. Jirani yake Lesotho naye yumo kwenye orodha ya wakubwa. Yaani umetoka Afrika, umelipa nauli, umepanga foleni na kuloa jasho ndani ya sweta, ili ukauziwe mbuzi wa Afrika kwa dola. Na Nanyuki, chini ya Mlima Kenya, wapo akina mama wanaosokota sufu kwa mkono na kufuma mazulia, ambao hujawahi kuwapitia hata siku moja ulipokuwa unaelekea kwa shemeji.

Wanyama waangalie kwa mbali. Nasema hivi kwa sababu za kiuchumi. Zizi la kondoo ni sehemu ya kampeni ya mauzo, hata kama kondoo wenyewe hawajaarifiwa. Utamkuta kondoo wa Aisilandi ana uso wa mwalimu mkuu, utamwangalia, naye atakuangalia, na mezani kando yake kuna uzi wake mwenyewe wenye picha yake. Hakuna mtu mwenye moyo anayeweza kuondoka hapo mikono mitupu. Alpaka ni hatari zaidi kwa sababu ya kope. Sungura wa Angora amepakatwa na bibi anayesokota manyoya yake papo hapo, sungura amesinzia, na bei hutaiuliza kwa kuwa umeshatoa pochi. Kama una dakika chache, nenda ukawaone lama wakishindana kuruka viunzi. Lama hawauzwi pale kwenye mashindano, kwa hiyo ni mapumziko.

Chakula kina foleni ndefu kuliko uzi. Kuna donati za juisi ya matofaa, kuna artichoki za kukaanga ambazo watu huzizungumzia mwaka mzima, kuna pai ya kuku. Na kuna nyama ya kondoo. Utawaona watu waliotoka kububujikwa na mapenzi kule zizini wakiila bila kuona tatizo, na sisi tuliotoka penye nyama choma hatuna haki ya kuwahukumu. Beba pilipili yako.

Kama umekuja na mumeo, mpe kazi. Mume asiye na kazi Rhinebeck huanza kuhesabu. Wengi utawakuta wameketi kwenye mabenchi, mifuko magotini, wakitazamana kwa huruma bila kusemezana. Wako atajaribu kuwa na manufaa.

"Mama watoto, hii si ileile bluu ya mwaka jana?"

"Ile ilikuwa bluu, baba watoto. Hii ni nili."

"Na hii nyingine?"

"Hiyo ni ya zawadi."

"Ya nani?"

"Hajazaliwa."

Hapo mpe donati. Usiendelee kujibu, kwa sababu swali linalofuata ni la soksi ngapi umekwisha kufuma tangu Rhinebeck iliyopita, na hilo halina jibu la heshima.

Kuingiza mzigo nyumbani ni fani yenyewe. Uzi hubonyea, jambo ambalo vyungu na vitabu haviwezi, na mfuko wa kutolea hewa huufanya uwe bapa ukaenea chini ya godoro. Ugawe: kidogo kabatini, kidogo kwenye begi la safari ambalo "halina kitu", kidogo ndani ya sufuria kubwa ya pilau isiyotoka mpaka Idi. Ila funga kila fungu kwenye mfuko usiopitisha kitu. Viwavi vya nondo wa nguo hula sufu, na kwao akiba yako ya siri ni karamu ya muda mrefu. Sufu uliyoitilia shaka iweke kwenye friza siku kadhaa. Ukiulizwa kwa nini kuna uzi kando ya samaki, sasa angalau una jibu la kisayansi.

Niache mzaha kidogo. Watu wengi wanaotoka Rhinebeck na mabegi yaliyojaa hawahitaji uzi. Wananunua saa za jioni ambazo hawana na hawatazipata. Najua hilo, nawe unalijua, na hakuna atakayebadilika. Lakini fedha zikishaamua kutoka, zina pa kwenda. Mfugaji mdogo wa Marekani mwenye sufu nzito, akiuza kwa wanunuzi wa jumla, mara nyingi hapati hata ya kumlipa mnyoaji. Wapo wanaoitupa au kuitandaza bustanini. Chama kinachoandaa tamasha hili ni cha wafugaji wa kondoo wa hapohapo Dutchess, na mezani kwa mfugaji mwenyewe ndipo sufu hiyo hupata bei inayolipa majani. Uzi wake kwa kawaida hauna rangi za kulevya. Ni kijivu, ni kahawia, ni mweupe wa maziwa, unanuka kondoo kidogo, na sweta lake litakuzika. Pita mezani kwake kwanza, kabla ya mabanda ya rangi, pochi ikiwa bado na adabu.

Kuhusu mwakani: vyumba vya Rhinebeck na vijiji vya jirani kwa wikendi hiyo huchukuliwa mapema mno, vingine na wageni walewale kabla hawajarudisha funguo. Ukisema utaamua Septemba, utalala Poughkeepsie.